Kusoma ughaibuni na kuijua sanaa ya kisasa: ushauri wangu ni kuanza na malighafi

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Kila mwaka mwezi wa Agosti unapokaribia, vijana wetu wa Uganda waliopata nafasi za masomo Ulaya huuliza humu maswali yale yale, nayo ni ya lazima: viza, karo, chumba, makoti ya baridi, kazi za muda. Sijaona anayeuliza atayafanyia nini majumba ya sanaa atakayoyakuta huko, ilhali mengi yako hatua chache kutoka chuoni na mwanafunzi huingia kwa bei ndogo au bila malipo. Ndiyo sababu ninaandika.

Sikusomea sanaa. Nilisoma kilimo, shahada ya uzamili, katika mji mdogo wa Witzenhausen nchini Ujerumani, ambako Chuo Kikuu cha Kassel kimeweka kitivo chake cha kilimo hai. Mji wa Kassel wenyewe ulikuwa safari fupi ya treni, na tiketi ya muhula ilitosha. Huko ndiko kunakofanyika documenta, onyesho la sanaa ya kisasa ambalo Arnold Bode alilianzisha mwaka 1955 katika mji uliokuwa umebomolewa na mabomu ya vita, na ambalo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka 5 kwa muda wa siku 100. Nilibahatika kuwapo wakati wa onyesho la 15, mwaka 2022, lililosimamiwa na ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Jakarta.

Ninalotaka kulisema ni moja. Mtu wa kwetu anayeingia katika maonyesho ya namna hiyo huwa na woga kwamba hana elimu inayotakiwa, kumbe anayo elimu ambayo wageni wengi wa pale hawana, yaani elimu ya vitu. Kazi nyingi za sanaa ya kisasa zimetengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kuishi maisha mengine kabla ya kufika ukumbini, na mtu aliyeyaona maisha hayo ya kwanza ameshapiga hatua. Basi kabla ya kujisumbua na maana, aulize kitu hiki kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na katika safari hiyo nani alilipwa na nani alibaki na hasara.

Nitoe mfano ulionifanya nianze kufikiri hivyo. Katika bustani kubwa ya Karlsaue, kwenye nyasi zilizo mbele ya jumba la Orangerie, kundi la The Nest Collective la Nairobi lilijenga kibanda ambacho kuta zake zilikuwa marobota ya mitumba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na ndani yake kulikuwa na video iliyoeleza biashara hiyo na taka zake. Kazi yenyewe iliitwa Return to Sender, yaani mzigo urudi kwa aliyeutuma. Nilikaribia ukuta nikautazama kama ninavyotazama mzigo sokoni: kamba za plastiki zilizokaza nguo mpaka robota likawa gumu kama gogo, mkono wa sweta uliochomoza kwenye upenyo, rangi za fulana zilizobanwa zikawa mistari. Wageni waliokuwa kando yangu walipiga picha na kusifu rangi. Mimi nilimfikiria mama wa soko la Owino, Kampala, anayelipia robota kabla hajaona kilichomo, akalifungua alfajiri akiomba Mungu, akauza nguo za daraja la kwanza asubuhi hiyo hiyo, kisha akabaki na rundo ambalo bei yake hushuka kila saa mpaka liwe matambara ya gereji au liishie kwenye mtaro.

Aliye na elimu hiyo anaisoma kazi ile kwa kina. Anakumbuka pia kwamba mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa bidhaa za nguo mwaka 2018. Kwa hiyo kibanda kile kilichosimama Ujerumani, katika bustani waliyoitengeneza watawala wa zamani wa Hesse, kilikuwa kinajibu neno lililokwisha kusemwa baina ya nchi na nchi.

Mfano wa pili ni wa fani yangu. Mwaka 1982, katika documenta ya 7, msanii Mjerumani Joseph Beuys alimwaga nguzo 7,000 za jiwe la basalti mbele ya jumba la Fridericianum, akaweka sharti kwamba jiwe lisiondolewe pale ila kwa kupandwa mti mahali fulani mjini, na jiwe hilo lisimikwe kando ya mti huo. Rundo lilikuwa likipungua kadiri mji ulivyokuwa ukipata miti. Yeye alifariki Januari 1986, na mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987. Wengi huiita kazi ya mialoni, ingawa imo miti ya aina nyingine pia. Nilikuwa nikipita katika mitaa hiyo nikivitazama kwa jicho la mkulima: mche ulipopandwa ulikuwa mwembamba na jiwe ndilo lililoonekana zaidi, na leo mti umenenepa, mizizi imeinua lami, jiwe limebaki lilivyokuwa. Mwalimu wetu wa udongo angeweza kufundisha muhula mzima kwa kutembeza wanafunzi kutoka jiwe hadi jiwe, kwa sababu kila mti unaeleza hali ya ardhi iliyo chini ya lami. Sijapata kuona kazi ya sanaa inayoheshimu muda wa mmea kwa kiasi hicho.

Naomba michango, hasa ya waliosoma nchi nyingine na ya wanaopinga.

Mchangiaji, mwalimu, Jinja

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini, na ninapinga kwa heshima. Marobota uliyoyaona Kassel nayaona kila wiki yakishushwa kutoka kwenye lori, na hakuna anayeniuzia tiketi. Ikiwa robota ni sanaa likiwa Ujerumani na ni mzigo likiwa Uganda, basi sanaa imo katika mahali na si katika kitu, na aliye na mahali ndiye mwenye kuamua. Huoni kwamba hapo tumerudi pale pale, wao wakiwa na ukumbi na sisi tukiwa na bidhaa? Nilisoma pia juu ya Mfaransa aliyepeleka choo cha kukojolea katika onyesho akasema ni sanaa. Naomba uniambie tofauti iko wapi.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, swali lako ni zito na ninalipokea kwa uzito huo huo.

Huyo ni Marcel Duchamp, na ilikuwa New York mwaka 1917. Alinunua choo cha kauri, akakigeuza, akakitia sahihi ya jina la kubuni, R. Mutt, na waandaaji waliokuwa wametangaza kwamba hawatakataa kazi ya mtu yeyote aliyelipa ada wakakiondoa. Choo chenyewe kilipotea, na kinachoonekana leo Tate Modern mjini London ni nakala ya mwaka 1964. Alichotaka kukifichua ndicho ulichokisema wewe: kwamba ukumbi una mamlaka ya kukiita kitu sanaa. Kwake ilitosha kitu kiwe cha kawaida, na historia ya choo kile mahususi, nani alikifinyanga na nani alikiuza, haikuwa na uzito.

Wasanii ninaowazungumzia wamekwenda mbali zaidi, kwa sababu kwao historia ya kitu ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2017, pia huko Kassel, Ibrahim Mahama wa Ghana alifunika majengo mawili ya kale, Torwache, kwa magunia ya juti yaliyoshonwa pamoja. Magunia hayo yametengenezwa Asia, yakaingia Ghana kubeba kakao, yakachakaa yakabeba mkaa, na juu yake kuna majina na alama za waliowahi kuyamiliki. Ukiweka magunia mapya ya dukani umbo halitabadilika, ila kazi itakufa, na hiyo ndiyo tofauti. Mtu wa Bugisu aliyekulia kwenye magunia ya kahawa ataielewa haraka kuliko mtu aliyesoma vitabu vitatu.

Kuhusu mwenye ukumbi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana nilifurahi kuona onyesho lile la 2022 likiwapa nafasi pia Wakaliga Uganda, watengenezaji wa filamu wa mtaa wa Wakaliga pale Kampala, katika ukumbi wa documenta Halle, wakiwa na filamu yao ya kandanda na mabango yaliyochorwa kwa mkono. Lakini hata nafasi hiyo ilitolewa na mtu mwingine, na bila kumbi zetu wenyewe neno lako litabaki kuwa kweli.

Mchangiaji, aliyesoma London

Naunga mkono, na nina ushahidi wa karibu zaidi na kwetu. Mwaka 2021 nilikuwa London nikisomea uhasibu, na rafiki yangu akanipeleka Royal Academy kutazama michoro ya Michael Armitage, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Onyesho hilo lilikuwa limetoka Haus der Kunst, Munich. Niliposogelea mchoro wa kwanza niliona kwamba kilichowambwa hakikuwa turubai. Kilikuwa lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti. Nilizijua zile nyuzi, nikayajua yale matundu yanayotokea penye makovu ya gome, na ile mishono ya mkono inayounganisha vipande, minene kama kovu la kidonda. Armitage haifichi. Mshono unaweza kupita katikati ya uso wa mtu aliyechorwa, na tundu likabaki wazi mahali ambapo mchoraji mwingine angeliziba.

Nilisimama pale kwa muda mrefu, kwa sababu mara ya mwisho nilikuwa nimeliona lubugo katika mazishi ya babu yangu.

Kuna jambo jingine ambalo halikutangazwa sana. Katika onyesho hilo hilo vilitengwa vyumba kwa ajili ya wasanii wa Afrika Mashariki waliomtangulia, na humo nilikutana na Theresa Musoke na Jak Katarikawe, Waganda wote wawili. Nimepita Makerere miaka mitatu na sikuwahi kuambiwa kwamba Theresa Musoke alisomea sanaa pale pale na kwamba alichora mchoro wa ukutani katika bweni la Mary Stuart. Nililipa nauli ya ndege ili nikafundishwe habari za jirani.

Mchangiaji, mzee wa upande wa Masaka

Wanangu, nami niseme kidogo, maana lubugo limetajwa na nyumbani kwetu ndiyo kazi. Wengi wanaoandika juu yake hawajui linavyopatikana. Mti ni mutuba. Gome huchunwa wakati wa mvua, kwa uangalifu, kisha shina hufungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti ukitunzwa hutoa gome jingine mwaka unaofuata, hivyo mti mmoja huweza kumtumikia mtu na mwanawe. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, unaanza na ya mifereji mipana unamaliza na ya mifereji myembamba, ndani ya kibanda kisicho na kuta ili lisikauke mapema. Likianikwa juani ndipo linapopata ile rangi ya udongo mwekundu. Ukoo wa Ngonge ndio wenye amana hiyo tangu zamani, na UNESCO waliitambua kazi hii mwaka 2005.

Sasa nauliza, na sisemi kwa hasira. Nguo hii huvaliwa katika kutawazwa na huwafunika wafu wetu. Yupo anayeipaka rangi ya mafuta na kuiuza kwa bei ambayo sisi hatutaiona maishani. Je, aliyeipiga kwa nyundo jina lake liliandikwa mahali popote ukutani?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa mbele ya kila mchoro wa namna hiyo, na kijana wa Uganda aliye London au Berlin ana haki ya kuliuliza kwa sauti katika matembezi ya kuongozwa, maana waongozaji hupenda maswali na mara nyingi hawajawahi kuulizwa hilo. Kwa kawaida kibao cha ukutani huandika jina la mchoraji, mwaka, na maneno mawili ya malighafi. Aliyeitengeneza nguo hatajwi.

Kuhusu heshima ya nguo yenyewe, sidhani kwamba mimi ni mtu wa kutoa hukumu. Ninaona kwamba Armitage anachora mambo ya kifo, siasa na vurugu, na mtu anayejua kwamba anachorea juu ya sanda huyaona mambo hayo kwa uzito mwingine. Lakini hoja ya malipo inabaki palepale hata mchoro ukiwa mzuri kiasi gani.

Ipo njia nyingine iliyojaribiwa na watu wetu. Uganda ilipoingia kwa mara ya kwanza na banda lake katika maonyesho ya Venice mwaka 2022, wasanii walikuwa Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda hilo likapewa tunzo ya kutajwa kwa heshima na majaji. Kazi za Kerunen zimesukwa kwa rafia, matete na nyuzi za migomba, kwa mikono ya wanawake wasusi anaofanya nao kazi hapa nyumbani. Mwaka 2024 yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia banda, na kundi la wasusi likaorodheshwa miongoni mwa wasanii, sambamba na Sanaa Gateja, yule bingwa wa shanga za karatasi, na wengineo. Kuorodheshwa si malipo, naelewa. Hata hivyo ni hatua ambayo wapigaji wa lubugo wanaweza kuidai pia.

Mchangiaji, Mbale

Samahani wakubwa, mimi ndiye mmoja wa hao wanaoondoka mwezi wa Septemba, ninakwenda kusomea uuguzi. Nimewasoma nyote na nimevutika, ila sijawahi kuingia hata katika jumba moja la sanaa, na fedha yangu itakuwa ya kuhesabu. Naanzia wapi? Pia nimesikia kwamba onyesho hilo la Kassel la 2022 lilileta kashfa. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, hongera. Nianze na la kashfa, kwa kuwa sitaki uende ukiwa umeelezwa nusu. Ni kweli. Siku chache baada ya ufunguzi, bango kubwa la kundi la Taring Padi la Indonesia, lililochorwa mwaka 2002, lilikutwa na michoro yenye kuwadhalilisha Wayahudi. Likafunikwa, kisha likateremshwa, na mwezi wa Julai mkurugenzi mkuu wa documenta akaacha kazi. Mjadala uliendelea mpaka mwisho. Katika nchi ambayo iliwaua Wayahudi kwa mamilioni, jambo hilo halikuweza kuwa dogo, na halikupaswa kuwa dogo. Nililolipata ni kwamba picha nayo husafiri kama robota: iliyochorwa Indonesia kuhusu udikteta wa Indonesia iliingia katika historia nyingine, na waliokuwa na dhamana ya kuikagua hawakufanya hivyo mapema.

Kuhusu kuanza, anza hapa kabla hujapanda ndege. Ukipita Kampala, ingia Nommo Gallery pale Nakasero, iliyofunguliwa mwaka 1964, kisha Jumba la Makumbusho la Uganda, Kitante, ukatazame vyungu, ngoma na nguo za magome. Ukiwa Makerere, ingia Maktaba Kuu ukaione kazi ya Francis Nnaggenda inayoitwa War Victim. Aliichonga kutoka gogo moja kubwa katika miaka ya 1980, miaka ambayo wazee wetu hawahitaji kusimuliwa. Mwili umejeruhiwa, umesimama kwa shida, lakini umesimama. Nnaggenda naye alisoma Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kisha akarudi kufundisha, na ukiitazama kazi ile utaona mtu aliyejifunza ugenini bila kuacha alichokuwa nacho. Wewe muuguzi utaiona kwa jicho ambalo mimi sina. Ukibaki na saa moja, pita 32° East, kituo cha sanaa kule Kabalagala, wasanii walio kazini huko ni vijana wa umri wako.

Ukifika huko, kitambulisho cha mwanafunzi ndicho ufunguo, kitembee nacho. Makusanyo ya kudumu ya Tate Modern na ya makumbusho mengine makubwa ya Uingereza hayana kiingilio, na miji mingi ya Ujerumani ina siku za bure au za bei ndogo, uliza mapokezi. Usijaribu kuona jumba zima. Chagua vitu vichache, kaa navyo, tazama kwanza kwa macho yako kimetengenezwa kwa nini na kimeunganishwa vipi, andika kwenye daftari kwa lugha unayoiota usiku, na kibao cha ukutani ukisome mwisho. Kisha uliza wahudumu. Wengi wao ni wanafunzi kama wewe na hufurahi kuzungumza.

Na kama bado utakuwa Ulaya mwaka 2027, jiwekee akiba ya nauli mapema: documenta ya 16 itafunguliwa Kassel tarehe 12 Juni na kufungwa 19 Septemba, chini ya usimamizi wa Naomi Beckwith. Vyumba vya wageni mjini hujaa, kwa hiyo tafuta malazi Göttingen au Witzenhausen na uingie kwa treni ya asubuhi.